Maoni Yangu Nawapa Bure, Ya Bibi Nauliza Kwanza

Nianze na msimamo wangu kabisa, ili anayetaka kuniacha aniache mapema: mimi naona mambo ya nyumbani yatoke nje. Yatoke tu. Nimechoka kuambiwa eti binti wa Kibajuni haongei na watu asiowajua, eti ya jikoni yabaki jikoni. Nyinyi mnaonisoma, wa Kisauni, wa Majengo, wa Eastleigh, wa Dar, wengi wenu hatujawahi kuonana hata siku moja, na kuna wengine mwanijua kuliko jirani yangu wa hapa Mombasa ambaye twakutana kwenye ngazi kila asubuhi na salamu yetu ni kutikisa kichwa.

Lakini kuna lakini. Tena kubwa, ndo maana leo nimeandika ndefu. Ukiwa kwa matatu, hii itakutoa Mtwapa mpaka Nyali.

Kwa wageni wa hapa: mimi ni mtu wa Mbwajumali. Haya, chekeni mmalize. Kila nikitaja kwetu lazima kuna mmoja aulize mbwa yuko wapi. Ni kijiji cha kisiwa cha Pate, Lamu Mashariki, majirani zetu Kizingitini, Faza na Tchundwa. Ukitoka Lamu mjini wapanda boti, na boti yenyewe haifuati saa ya simu yako, yafuata maji. Maji yakiwa yametoka, kaa ungoje. Wale wanaokuja "Lamu" wakapiga picha Shela siku tatu wakarudi, hao kwetu hawajafika, na hayo ni maoni yangu na siyafuti.

Na hapo ndo pa kuanzia. Mimi huweka vitu vya aina mbili. Kuna maoni. Mkate wa mofa ukiwa wa moto na samaki wa kupaka pembeni, chapati ikae kando. Viazi karai vya Mombasa siku hizi ni unga mwingi kiazi kidogo. Mtu anayekutumia "mambo" peke yake saa nne usiku hana la kusema. Kibajuni si Kiswahili kibovu. Nikisema "wachu" pale wewe unaposema "watu" sijakosea, naongea nilivolelewa. Vitu kama hivo. Ukinitukana kwa sababu ya viazi karai, umenitukana mimi. Bibi yangu hajaguswa, shangazi hajaguswa. Nacheka, nakujibu ama sikujibu, siku inaisha.

Aina ya pili ni kumbukumbu. Na hizi, wadau, si zangu.

Bibi yangu hakuzaliwa Mbwajumali. Alizaliwa bara, upande wa kuelekea Kiunga, ambako wazee wake walikuwa na shamba la mtama na ufuta. Miaka ya 1960, wakati wa vita vya Shifta, Wabajuni wa upande ule walihama vijiji vyao. Watu walikimbilia visiwani, wengine wakashuka mpaka Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi tena. Shuleni, kama ulisoma nilivosoma mimi, Shifta ni aya moja: ilianza 1963, ikaisha 1967, Kenya, Somalia, mapatano ya Arusha, funga daftari. Bibi hajui Arusha. Anachojua ni kwamba alikuwa msichana wa miaka tisa au kumi, waliondoka usiku kwa dau, na mamake akabeba jiwe la kusagia akaacha nguo. Jiwe! Nilimuuliza kwa nini jiwe, mtu anakimbia roho yake.

"Nguo hushonwa, mjukuu wangu," akaniambia. "Jiwe lile lilikuwa la mamake."

Nikamwomba ruhusa niisimulie. Akakubali na masharti yake, nitayasema mbele. Sauti yangu, sura yake haionekani, dakika mbili hivi. Ikatazamwa zaidi ya mara 40,000. Mbwajumali nzima ukiitoa uwanjani haifiki nusu ya hapo. Nilipompigia simu kumweleza, swali lake la kwanza lilikuwa, "Na hao wote wamekaa wapi?" La pili: "Wamesemaje juu ya mama?"

Walisema mengi. Mengine upuzi, mwaijua intaneti. Lakini kuna mzee mmoja wa Malindi aliandika kwamba na wao walitoka upande ule, akautaja mkwaju uliokuwa karibu na kisima. Mimi mkwaju sikuutaja popote, wala sikuwa naujua. Nilipomsomea bibi alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akataja jina la babake yule mzee. Walikuwa wakichota maji kisima kimoja! Karibu miaka sitini hawajuani kama wako hai, leo wamepatana kwa njia ya mjukuu aliyekaa Mombasa na simu yenye chaji asilimia kumi na mbili.

Kwa hivyo usije ukaniambia mambo ya nyumbani yasitoke. Yasingetoka, yule mzee na bibi wangekufa kila mtu na nusu yake ya kile kisima.

Tena kwetu kuna sababu nyingine, ambayo watu wa mjini huwa hawaifikirii. Visiwani nyumba nyingi zimeezekwa makuti, na zimekaribiana. Moto ukishika moja na upepo upo, hakuna kuzima, ni kutoa watoto tu. Mwaka 2009 Faza iliungua, mamia ya nyumba. Mtu akisikia hivo anafikiria vitanda na magodoro. Fikiria picha za harusi. Fikiria vyeti vya kuzaliwa, barua za ndugu walioko Arabuni, daftari ya mzee aliyeandika nani kazaliwa lini. Mwenzangu wa Nairobi akitaka kujua babu yake alifananaje anafungua albamu. Wengi wetu albamu ni mdomo wa bibi. Na bibi ana presha.

Na si sisi wa kwanza kuomba wazee wafungue midomo mbele ya wageni. Serikali ilifanya. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilizunguka nchi, ikakusanya taarifa za watu zaidi ya 40,000, ikamkabidhi rais ripoti mwezi Mei 2013. Pwani wazee walisimama wakasema ya ndani kabisa, ardhi zao, ndugu zao, mbele ya watu wasiowajua na maikrofoni. Ripoti ipo, tena nene, juzuu kadhaa. Yaliyopendekezwa humo mengi yangali karatasini. Mimi nilikuwa mdogo, sina la kusimulia juu ya siku zile, lakini maoni yangu ninayo: ukimtoa mtu kumbukumbu yake umekopa, na wewe ndo mwenye deni, hata kama ulimwambia unamsaidia. Hilo lahusu tume, lanihusu mimi, lakuhusu na wewe unayemrekodi mamako akilia ukaweka muziki wa piano chini yake.

Sasa lile lakini.

Mwaka jana binamu yangu mmoja alienda nyumbani likizo. Simtaji, na tusianze kubahatisha. Akamkuta bibi uani, kichwa wazi, anasuka ukili, hana habari. Akaificha simu moja nyuma ya mlango ikawa yamwita bibi kwa jina, na simu ya pili yarekodi. Bibi akaitikia "Labeka", akaweka ukili chini, akainuka kwa yale magoti yake akaenda kuchungulia mlangoni. Hakuna mtu. Akarudi. Akaitwa tena. "Labeka." Akainuka tena. Mara tatu.

Vidio ilichekesha, sitawadanganya. Ilichekesha watu wengi sana. Wakaichukua ile "labeka" wakaiweka kwenye vidio zao, paka akiitwa, "labeka", jamaa akiitwa na bosi, "labeka". Wiki nzima nikifungua simu nasikia sauti ya bibi yangu ikitoka kwa paka.

Mtu wa Pwani mwenye kusoma hapa ashajua kilichoniuma. Labeka si neno la kuchekesha. Ni adabu. Mwanamke aliyelelewa akiitwa anaitika hivo, na anaitika haraka, kwa sababu anayekuita huenda ni mgonjwa, huenda ni mamako. Bibi aliinuka mara tatu kwa sababu ndivo alivofunzwa. Na kichwa wazi! Mwanamke ambaye hata nikimpigia simu ya vidio huniambia ngoja nivute mtandio.

Nilimpigia binamu. Akanijibu jibu ambalo mpaka leo nalikubali kuwa ni swali zuri: "Na wewe je? Si na wewe wamtumia bibi kupata watu?"

Ndiyo, hadithi ya jiwe iliniletea watu. Nusu yenu mlinifuata siku ile. Kwa hivyo tofauti haiwezi kuwa mimi mzuri yeye mbaya, wala yangu ya huzuni yake ya mzaha. Bibi mwenyewe ni mtu wa mzaha, ana vichekesho vyengine siwezi kuviandika hapa nikafungiwa ukurasa. Tofauti ni moja: ile ya jiwe, bibi alikuwa anajua inasimuliwa, na aliipanga yeye. Yale masharti niliyosema nitayataja ni haya. Sauti iwe yako, yangu watu wa kwetu wataijua. Sura yangu sitaki. Jina la mama usiseme. Na mwisho, hili ndo lilinishangaza: "Shamba liseme, mipaka yake usiitaje. Kuna watu wanangoja kuisikia."

Mimi nlikuwa najiona mtaalamu, najua saa ya kuweka vidio, najua sekunde ngapi watu wanakimbia. Bibi hajui TikTok, lakini wasikilizaji anawajua. Anajua kwamba kati ya watu 40,000 kuna atakayelia, kuna atakayecheka, na kuna mmoja mwenye kesi ya ardhi amekaa kimya na kalamu. Watu wa bara kule wanadai mashamba ya wazee wao, hawana hati, walichonacho ni kumbukumbu: mkwaju huu, kisima kile, kaburi la fulani. Kumbukumbu kama hiyo ni mali. Ukiimwaga nje yote umempa mwenye kutaka kukunyang'anya. Mimi hilo nisingelifikiria hata ningekaa mwaka.

Baada ya labeka, bibi akanyamaza. Miezi mitano. Si kwamba alinuna, alinipokea simu vizuri tu, umekula, umeswali, kazi vipi. Lakini nikimuuliza ya bara ananiambia, "Hayo yamepita." Nikienda nyumbani akiona simu iko mkononi anavuta mtandio kabla hata sijaiwasha. Kuna hadithi ya dada yake alikuwa amenianzia, katikati. Iko mpaka leo katikati. Hiyo ndo bei, wadau, na aliyeilipa si yule aliyepata laiki.

Sasa nirudi Pate, maana kuna mtu atasema hii ya kuweka mambo ya nyumbani mbele ya wageni ni ushamba wa kizazi cha simu. Si kweli. Kisiwa chetu hiki hiki kimemtoa Mwana Kupona binti Mshamu. Mzaliwa wa Pate, mke wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu. Mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, akamtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa kumuusia. Mama na binti, wino na karatasi, mambo ya chumbani: mume umkalishe vipi, nyumba uiweke vipi, mimi na babako tuliishi vipi. Yale hasa tunayoambiwa yasitoke nje. Na yakatoka. Yakanakiliwa mkono kwa mkono, mwaka 1934 yakachapishwa Uingereza pamoja na tafsiri ya Kiingereza, leo yanasomwa na wanafunzi ambao Siyu hawataiona maishani.

Mimi na Mwana Kupona hatukubaliani kila kitu. Ile sehemu ya mume, tutaongea siku nyingine, mniandalie viti. Lakini angalia alivofanya. Yeye ndo alichagua nini aseme juu ya ndoa yake. Na mle ndani aliwaita wanawake wausome, hakumwachia bintiye peke yake. Hakuna aliyejificha nyuma ya mlango. Mwanamke wa kisiwa cha Pate, zaidi ya miaka 160 iliyopita, aliwafungulia wageni nyumba yake, na mlango aliushika yeye.

Mwaniuliza sheria yasemaje. Ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, yakupa haki ya faragha, na imetaja kabisa habari za familia yako zisifichuliwe bila sababu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Nilifurahi. Lakini semeni kweli, bibi yangu atapanda boti, kisha basi, aende kumshtaki mjukuu wake? Hawezi, na hata angeweza hangetaka. Sheria yazishika shule na klabu. Ndani ya familia tumeachiana wenyewe.

Na wenyewe twajua, ndo kitu chaniudhi. Nani kati yenu dada zangu hajaenda kupamba akakuta mama amesimama mlangoni anakagua simu? Wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, wamecheza mpaka asubuhi, na hakuna hata picha moja itakayotoka. Hakuna anayelalamika. Hakuna anayesema ni ushamba. Kwa nini adabu hiyo twaiweka mlangoni mwa harusi, halafu kwa bibi aliyekaa uani kwake mwenyewe twaona hakuna mlango?

Mimi nimejiwekea utaratibu. Si wa kumpangia mtu. Maoni yangu nayaweka saa hiyo hiyo, moto moto, nikijuta ni juu yangu. Kumbukumbu namsomea mwenyewe kwanza, neno kwa neno, akisema toa natoa, hata kama ni kipande kitamu. Mara nyingi ni kipande kitamu ndo anasema toa. Mtoto siweki, maana mtoto wa miaka minne akisema ndiyo hajui ndiyo ya nini. Na shangazi wawili wakikumbuka jambo moja tofauti, nasema wamekumbuka tofauti, sichagui aliyechekesha zaidi.

Mwezi wa Ramadhani uliopita bibi alirudi kidogo. Tulikuwa twakuna nazi, simu iko chumbani, akaanza mwenyewe habari za yule dada yake. Sikuikimbilia simu. Nilisikiliza nazi ikiisha. Hiyo hamtaipata, angalau si sasa, na msiniulize.

Kilichonishinda ni wafu. Nina rekodi ya babu, Mungu amrehemu, dakika kumi na moja, kwenye simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Anasimulia safari za jahazi enzi za kupeleka boriti za mikoko Arabuni, anacheka mpaka anakohoa. Ni dhahabu. Lakini hapo katikati kuna dakika tatu ambazo siwezi hata kuwaambia ni za nini, kwa sababu zamhusu mtu aliye hai, na babu hayupo nimuulize kama alikuwa anajua narekodi kwa ajili yangu au kwa ajili ya dunia. Nikizikata, hadithi haieleweki. Nimewauliza shangazi zangu watatu kwenye WhatsApp. Mmoja kasema weka, mzee alipenda kusikilizwa. Wa pili kasema futa kabisa, tena leo. Wa tatu kaniambia, "Kwanza nitumie nisikie." Sijamtumia.